Ruzuku na Majengo ya Shule Uvira
Katika Kongo ya Wabelgiji, ruzuku, yaani fedha za serikali za kusaidia shule za misheni, zilielekezwa kwa muda mrefu kwa Wakatoliki, hivyo Wapentekoste wa Sweden, waliofika Uvira mwaka 1921, waliendesha shule bila msaada huo mpaka mageuzi ya 1948 yalipowaingiza Waprotestanti. Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, ulioundwa mwaka 1947, uligharimia shule na zahanati vijijini. Baada ya uhuru, serikali ilitwaa shule mwaka 1974, kisha mkataba wa 1977 ukayarudishia makanisa usimamizi, huku mzigo wa majengo ukiwaelemea wazazi. Kwa wanaobeba mzigo huo, mafuriko ya Mto Mulongwe mjini Uvira, Aprili 2020, yalithibitisha kwamba, katika mji huu ulio kati ya milima na ziwa, kukagua ardhi ni wajibu unaotangulia ujenzi wowote.