Msikiti Juu ya Hekalu la Luxor

Dada zangu, wapo wanaouliza: bi harusi wa Kiislamu akienda fungate Misri, atafuata nini kwenye mahekalu? Kodini muongozaji wenu wawili tu, msiharakishwe na kundi, mwende Luxor. Hekalu hilo lilijengwa na Amenhotep III, Ramses II akaliongeza. Baadaye mchanga na vifusi vikalifukia, watu wakajenga nyumba juu yake, na karne ya 13 ukasimama msikiti wa Abu al-Haggag. Wachimbaji walipolifukua kuanzia miaka ya 1880, nyumba zilibomolewa, msikiti ukabaki. Mlango wake wa zamani sasa uko juu ukutani, hauna ngazi. Wafalme waliojiita miungu wamebaki mawe. Adhana ingali inasikika. Ibra hiyo ndiyo mnayoifuata.