Bia Iliyoitwa kwa Bei Yake

Wasee, wiki jana binamu yangu alirudi kutoka Edinburgh na mkebe mwekundu wenye picha ya jamaa wa kofia kubwa na masharubu, anacheka. McEwan's Export, asilimia 4.5. Kama hujafika miaka 18, wewe soma tu.

Ladha kwanza. Ukiimimina ina rangi ya strungi. Povu linakaa kidogo linapotea. Harufu ni ya mkate uliochomwa. Mdomoni unapata sukari nguru, halafu uchungu mdogo unakuja nyuma na haya zake, na mwisho kaladha fulani ka chuma. Mimi nimezoea Tusker baridi, so nilidhani imeharibika. Ilipopoa ubaridi ndio ikaanza kuniingia. Naipa 6 kwa 10.

Lakini utamu wenyewe uko kwa historia. Karne ya 19, watengenezaji bia wa Scotland waliita bia kwa bei ya pipa. 60/- ilikuwa nyepesi, 70/- ina nguvu kiasi, 80/- ndiyo Export, jamii ya hii yangu. Ndio, shilingi, na alama ileile ambayo mama mboga huandika kwa kadibodi: nyanya 20/-. Sisi tuliletewa na Waingereza, shilingi ya Afrika Mashariki ikaanza 1921. Wao wenyewe wakaachana na shilingi 1971. Na cheki maajabu: miaka hiyohiyo ya sabini, watengenezaji wa Scotland wakafufua majina ya shilingi kwa bia zao. Pesa ilikufa, jina likabaki.

Mwenye hii bia, William McEwan, alifungua kiwanda Edinburgh 1856. Bia yake ikapanda meli ikauzwa mpaka Australia. Akawa mbunge, na pesa yake ikajengea Chuo Kikuu cha Edinburgh ukumbi, McEwan Hall, uliofunguliwa 1897. Wanafunzi hufanyia mahafali humo. Ndicho chuo Mwalimu Nyerere alimaliza 1952.

Binamu yangu atavaa joho humo Julai. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda. Tangu siku hiyo, familia ikikutana lazima mtu ataje jumla ya pesa zilizolipwa kabla niache. Laki mbili na kitu. Limekuwa kama jina langu. Nilimwambia binamu hongera, na nilimaanisha, lakini nilichukua dakika kadhaa nikisoma mkebe kwanza.

Hakuna mtu leo anayenunua pipa kwa shilingi 80. Ilikuwa bei ya siku fulani, kwa soko fulani, na bia imeendelea kunyweka bila hiyo hesabu. Laki mbili pia ilikuwa risiti ya mwaka fulani. Ilipelekwa kwa ofisi ya fedha ya chuo, sio kwangu.

Nyinyi kwenu mnaitwa kwa bei gani?