Mpagazi wa Plagi

Ukiingia Gerezani kwa upande wa maduka ya spea, msomaji wangu, angalia chini kabla hujaangalia juu. Jeshi letu lilitoka hapo chini, kwenye mafuta na mchanga. Plagi iliyokufa ilikuwa kiwiliwili, nati kichwa, kipande cha spoki ya baiskeli bunduki, na washa kubwa ndiyo ya kusimamia. Fundi mmoja alikuwa akitulehemea kwa risasi tukimfagilia kibanda. Vita tulipigana barazani, kwa gololi za beringi, na aliyeangushiwa watu wote alikwenda kuchota maji. Mimi nilidhani tumeuvumbua wenyewe.

Kumbe wapi! Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells, yule mtunzi wa riwaya, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars chenye sheria za mchezo huohuo: watu wazima na ndevu zao wanatambaa sakafuni, wanafyatua vimizinga vya springi. Mwaka 1983 Waingereza wakatoa Warhammer, vita vya mazimwi na mashujaa, na wachezaji wake hukata mkono wa mwanasesere huyu wakaubandika kwa yule, sawasawa na fundi wa Gerezani anavyofufua gari kwa mlango wa gari lingine.

Wells hakungoja sana. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya kivita ya Waingereza, Astraea, ilipiga mizinga hapahapa Dar es Salaam, shabaha yake mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Septemba 1916 mji ukatekwa. Pale ambapo Wajerumani walikuwa wameandaa jengo la soko, Waingereza wakaweka kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalisaga jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, mama mmoja baba mmoja.

Hapa ndipo jeshi letu la plagi lilipoanza kunitia aibu. Tulikuwa na askari arobaini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyebeba unga. Vita vile havikwenda kwa bunduki tu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, reli ilikuwa na mwisho wake, na Lettow-Vorbeck alizidi kuwavuta kusini porini. Kila kitu kikapanda vichwani mwa watu. Pande zote mbili zilikamata wanaume vijijini kwa nguvu. Wakafa kwa makumi ya maelfu, na waliokwisha kwa kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliopigwa risasi.

Nenda Samora ukaitazame Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, haki yao. Lakini shaba ni ya askari peke yake na singe yake. Nairobi walau kati ya watu watatu wa sanamu yao mmoja ni mpagazi. Sisi tunaokaa kwenye jina lao hatuna hata kidole chao.

Basi mwaka huu, na ndevu zangu kama Wells, nikajaribu kutengeneza mmoja. Plagi ileile, nati ileile, na juu ya kichwa nikaweka kipande cha boriti ndogo ya chuma. Akaanguka kifudifudi. Nikapunguza mzigo, akaanguka tena. Ikabidi nimpe washa mbili na nimwinamishe kidogo magoti kwa waya, ndipo akasimama. Akisimama hivyo huoni uso, unaona mzigo.

Halafu hesabu ikanikamata. Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi kadhaa, kwa hiyo askari wangu arobaini wanadai plagi zaidi ya mia. Na siku hizi huokoti bure, chuma chakavu kinauzwa kwa kilo, na kijana wa dukani ananiangalia kama mwizi. Mpaka sasa ninao tisa.