Mabinti kwenye uwanja: kazi ya antreneri haiko mpira peke yake

Msimu wa 2024-2025, AS Maniema Union yetu ilifika mpaka kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, na vijana wengi hapa Kindu wanaota kuvaa ile maillot. Mwezi wa 11 mwaka 2024, kule Moroko, wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi walibeba kombe la mabingwa wa Afrika upande wa wanawake. Antreneri wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi. Kwa hiyo ile maneno ya kusema mpira si ya wanawake, tuiache.

Shida iko chini, kwenye viwanja vya mitaa. Ekipe ya wasichana inaanza na watoto wengi wa miaka 9 ao 10, kisha wakianza kukomaa, wanapotea mumoja mumoja. Antreneri anasema ni uvivu. Lakini sababu nyingi ziko kwenye mikono yake mwenyewe.

Tuangalie saa. Hapa kwetu jua inazama karibu na saa kumi na mbili ya jioni, mwaka mzima. Msichana anatoka masomo, anateka maji, anasaidia mama kwenye moto, ndiyo anakuja uwanjani. Mazoezi ikianza saa kumi na moja, atarudi na giza, na yule wa Alunguli atavuka Lualaba na mtumbwi usiku. Muzazi akikataza, ana haki. Heri kupanga mazoezi siku ya posho asubuhi, na zile siku za masomo kumaliza mapema, watoto warudi kwa kikundi. Tena antreneri aende mwenyewe nyumbani kuongea na wazazi, asitume mtoto. Papa na mama wanataka kujua nani yuko naye, atarudi saa ngapi, na masomo itakuwa namna gani.

Hedhi nayo inafukuza wengi, juu mwanaume anaona haya kuitaja. Si lazima atoe hotuba. Atafute mama mumoja ao dada mukubwa wa kufuata ekipe, mwenye kuchunga kotexi, kitambaa safi na sabuni, na msichana aweze kupumzika bila kujieleza mbele ya wote. Hata kaptula nyeupe ni shida: mwaka 2023 ekipe ya wanawake ya Uingereza iliiacha kisha wachezaji kulalamika. Na kwa sababu Waislamu ni wengi hapa Maniema, tukumbushe kwamba FIFA ilikubali kitambaa cha kichwa tangu 2014. Antreneri anayemurudisha mtoto nyumbani juu ya hijabu, hiyo ni sheria yake mwenyewe.

Sasa ile jambo watu wanaongea kwa sauti ya chini. Antreneri ndiye anachagua nani atacheza, nani atasafiri, nani atapata viatu. Mtego unaanzia pale. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inasema mtoto ni kila mutu ambaye hajatimiza miaka 18, na sheria ya 2006 juu ya ubakaji inahesabu kulala naye kuwa ubakaji, hata kama "alikubali". Tangu mwaka ule, kesi ya namna hiyo haimalizwi tena na faini ya kupatana. Mbuzi na pesa kati ya familia mbili hazifuti kosa.

Antreneri mwema anajilinda na anawalinda. Habaki na msichana peke yake kwenye nyumba ya kufungwa, hamubebi peke yake kwenye moto usiku. Hamutumii ujumbe wa siri: ujumbe unapita kwenye kikundi ambamo wazazi wako. Mutoto akiumia mguu, anaangaliwa mbele ya wengine. Safari ya mechi inakuwa na mama, na wasichana wanalala kwao. Viatu ao pesa ya zawadi inapitia kwa komite, mbele ya watu. Na liste ya wachezaji isomwe mbele ya wote, pamoja na sababu, ili hakuna binti afikiri nafasi inanunuliwa.

Kama mambo mabaya yamekwisha kutokea, mtoto asioge kwanza, afikishwe hospitali haraka, mbele ya masaa 72 kupita, juu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifanyi kazi kisha ile saa. Polisi ya kulinda watoto inafuata.