Saba ya Nani? Historia Kidogo ya Karata Tunazocheza Jinja na Mbale



Ukimwambia Mkenya "twende matatu", atauliza nauli ni ngapi. Ukimwambia kijana wa Jinja, atatafuta kivuli, mkeka na mtu wa kumpiga. Huku Uganda gari la abiria tunaliita teksi. Matatu ni mchezo wa karata, na unauona popote watu wanaposubiri kitu: steji ya boda, nje ya saluni, kwenye foleni ya kujiandikisha. Sisi wakimbizi tunasubiri sana, kwa hiyo tumeujua haraka.

Tuliahidi kuandika juu ya karata kwa sababu kundi letu lina pande mbili, Jinja na Mbale, na pande hizo zilikaa karibu mwezi mzima bila kuongea vizuri, kisa ni saba moja ya kopa. Tutafika huko. Kwanza tuelewane mchezo wenyewe.

Katika matatu kila mtu anapewa karata saba. Karata moja inafunuliwa na kuwekwa chini ya rundo, inachungulia. Unatupa karata inayofanana na iliyo juu, kwa aina au kwa namba. Huna, unaokota. Mbili inamwokotesha mwenzako mbili, nane na jeki zinamruka, na ree, yaani ile A, inakupa haki ya kuagiza aina unayotaka. Anayemaliza kwanza ameshinda. Lakini utamu wote uko kwenye saba. Kama ile inayochungulia ni kopa, basi saba ya kopa imekuwa panga. Mwenye nayo anaweza kukata mchezo hapo hapo, watu wahesabu zilizobaki mkononi, na mwenye hesabu ndogo ndiye mshindi. Kwetu Jinja hukati kama mkononi una zaidi ya 25. Ukikata vibaya umejikata mwenyewe, na utachekwa mpaka jioni.

Mkenya anachukua pakiti ile ile, karata 52 na joka zake, na kucheza kitu kingine kabisa. Wao wanaita kadi, wengine poka, ingawa na poka ya Wamarekani hawajuani hata kwa salamu. Unaanza na karata chache, mara nyingi nne. Mbili na tatu zinalisha mwenzako. Nane na malkia ni maswali, na ukitupa swali lazima ulijibu mwenyewe, la sivyo unaokota. Jeki inaruka, mfalme anarudisha mchezo ulikotoka. Na kabla hujamaliza ni lazima useme kwa sauti "niko kadi", wote wasikie. Ukinyamaza, ushindi wako hauhesabiwi. Ona tofauti: matatu ni mchezo wa kuvizia, kadi ni mchezo wa kutangaza. Sisi tunaona matatu ni tamu zaidi mkiwa wawili, na kadi inataka umati na kelele.

Wenzetu wa Bukavu na Uvira wamezoea ule ambao kwa Kifaransa unaitwa huit américain, nane ya Kimarekani, na humo nane ndiye bosi, anabadilisha aina. Mwanajinja akiona nane anafikiri ameruka mtu, kumbe mwenzake anasubiri kuambiwa aina gani imeagizwa. Wasudani waliofika baada ya vita vya Aprili 2023 wao hawatupi tu, wanakusanya. Michezo yao ni konkan na hareeg, unapanga karata za mfululizo au za namba moja kama unavyopanga ndugu kwenye picha. Hareeg kwa Kiarabu ni moto, na ukikaa nao usiku mmoja utaelewa kwa nini.

Sasa historia. Karata hazikuzaliwa Ulaya kama wengi tunavyodhani. Zilianza China, zikapita nchi za Waislamu, na pakiti moja ya zamani sana ya enzi za Wamamluki wa Misri imehifadhiwa mpaka leo kwenye jumba la Topkapı, Istanbul. Ilikuwa na aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Haikuwa na malkia. Ilikuwa na mfalme, na chini yake manaibu wawili. Ndiyo, naibu, neno hili hili tunalotumia kwa naibu waziri. Kwa Kiarabu na'ib, na kutoka hapo Wahispania wakapata neno lao la karata, naipes. Miaka ya 1370 karata zilishafika Ulaya, na Florence walizipiga marufuku mwaka 1377. Kwa hiyo mzazi anayekukataza karata ana historia ndefu nyuma yake.

Kisha Wareno wakazileta pwani yetu. Walijenga Fort Jesus pale Mombasa kuanzia 1593 na wakaipoteza 1698, lakini maneno yao ya karata hawakuondoka nayo. Karata ni carta. Turufu ni trunfo. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, marungu. Yaani unaposhika ile yenye moyo mwekundu na kuiita kopa, unaita kikombe cha Misri kwa mdomo wa Mreno. Wakenya wetu wengi hawasemi pau, wanasema maua, na kweli inafanana na ua. Wasomali wanaita karata zote turub, na sikio la Mswahili linasikia turufu humo ndani.

Mtu wa Kampala atauliza kwa nini huku tunagombana kwa Kiswahili na si kwa Luganda. Sababu ni jeshi na reli. Jinja ilikuwa mji wa kambi ya KAR, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. Reli ilifika Soroti kupitia Mbale mwaka 1929, na mwaka 1931 treni ikavuka Nile pale Jinja kwenda Kampala. Mji wa reli una Mgisu, Msoga, Mteso, Mjaluo, Mhindi. Lazima mpate lugha ya kati, hata kama ni ya kutukanana kwenye karata.

Basi, saba ya kopa. Vijana wa Mbale walikuja Jinja kwa barabara ya Tirinyi, watu sita na pakiti moja. Kati yao yuko mwenzetu ambaye familia yake ilitoka Kenya mwaka 2008 baada ya uchaguzi, wakati Wakenya walipovuka Busia na Malaba, wakakaa Mulanda kule Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Yeye amekulia Kiryandongo na kadi ya Kenya. Akafika mwisho, akatangaza "niko kadi", akabaki na moja tu. Kijana wa Jinja akatoa saba ya kopa, akakata. Huyu anasema mchezo haukatwi, nimeshatangaza. Yule anasema kutangaza ni kitu gani, hesabu. Juu ya mkeka kulikuwa na shilingi elfu nane.

Pesa ni jambo kubwa hapa, tusifichane. Mkimbizi anayeishi mjini kwa kawaida hapewi chakula kama wa kambini, anategemea mkono wake. Elfu nane ni posho na maharage ya siku kadhaa. Lakini kilichotuumiza zaidi siyo pesa. Mwenyeji mmoja alisema, tena akicheka: "Mko Uganda, chezeni Kiganda." Akanyamaza kila mtu. Kwa mwenyeji ilikuwa utani. Kwa mtu aliyefika nchi hii akiwa mtoto, hana shamba Kenya wala kitambulisho cha Kenya, sheria za kadi alizofundishwa na kaka zake ni kati ya vitu vichache ambavyo hakuna aliyevichukua mpakani.

Tulikaa wiki kadhaa tukisoma na kuuliza, na tulichokuta ni kwamba michezo hii yote ni ukoo mmoja. Wamarekani wana Crazy Eights. Wajerumani wana wao, wanauita Mau-Mau, jina linalomshtua kila Mkenya. Muingereza William Henry Storey alitoa Whot mwaka 1935, na leo Wanaijeria wanaicheza kama yao. Kinyozi wa Ohio, Merle Robbins, alitengeneza Uno mwaka 1971. Dar es Salaam wana lasti kadi. Vijana wa Kampala, Kola Studios, wameitia matatu kwenye simu. Kila mahali watu walipokea karata na kuandika sheria zao juu yake.

Hata zile karata za kukusanya zinazouzwa ghali ni hivyo hivyo. Magic: The Gathering, ya Richard Garfield, ilitoka 1993, na kila mchezaji anakuja na pakiti yake aliyoijenga mwenyewe. Utadhani kampuni ndiyo inaamua kila kitu. Lakini mtindo wa Commander, wenye wapenzi wengi leo, ulianzia kwa wachezaji wa kawaida kule Alaska, na kampuni ikaanza kuutolea pakiti zake mwaka 2011 tu. Hapo mmoja wetu akasema, kama Alaska waliweza, Mbale wanashindwa nini?

Kwa hiyo tulikutana tena, safari hii Mbale, na tukaandika. Sheria ya kwanza: kabla ya kugawa, mtu mmoja anasema kwa sauti mchezo ni upi, na anayegawa ndiye anayechagua. Zamu ikifika kwa Msudani ni konkan, ikifika kwa Mkongo nane ni bosi, na mwenyeji naye anajifunza. Sheria ya pili: hakuna pesa juu ya mkeka. Hii ilitugharimu, vijana wanne hawakurudi, na wawili kati yao tunajua wanacheza zaala kwingine usiku. Tunawatembelea, tunaongea nao, hatujafunga mlango. Zile elfu nane zilinunua soda na chapati, na mwenye saba na mwenye kadi walikula wote, bila kutazamana sana.

Pia tulijaribu kutunga mchezo wetu wenyewe wa kundi. Saba inakata, lakini siyo kwa mtu aliyekwisha kutangaza. Nane unaagiza aina, jeki inaruka, mfalme anarudisha. Mpaka sasa unakwenda vizuri. Kilichobaki ni joka. Jinja wanataka iokoteshe tano, Mbale wanasema itolewe kabisa kwenye pakiti, na Wasudani wanataka isimame badala ya karata yoyote uliyokosa. Tutapiga kura Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Jinja, saa tisa mchana. Mwenye pakiti ambayo haijapoteza malkia wa uru, tafadhali aje nayo.