Malangali: shule ya Iringa, wazo la Marekani, na kumbukumbu za waliosoma pale

Mwaka 1928 serikali ya Waingereza ilifungua shule ya wavulana Malangali, sehemu ambayo leo iko Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Wanafunzi walitoka hasa kwa Wahehe, Wabena na Wasangu. Hao Wasangu ni wenyeji wa bonde la Usangu, ambako Chimala iko, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya.

Shule bado ipo. Ni sekondari ya serikali, na Nyanda za Juu Kusini nzima inaijua kwa jina. Kisichojulikana sana ni kwamba ilianza kama jaribio, na sehemu ya wazo lake ilitoka kwenye shule za watu weusi kusini mwa Marekani.

Huko Marekani, shule ndogo za vijijini za watu weusi zilikaribia kusahaulika kabisa. Waliozinusuru ni wale wale waliokalia madawati yake.

Wazo lilivyovuka bahari

Utumwa ulipokwisha Marekani mwaka 1865, watu weusi walitaka shule kuliko karibu kitu kingine chochote. Hampton ilifunguliwa Virginia mwaka 1868. Mwaka 1881 Booker T. Washington, aliyesoma Hampton, akaanzisha Tuskegee kule Alabama. Mkazo ulikuwa kilimo, ufundi, usafi na kazi za mikono.

Si wote waliokubali. W.E.B. Du Bois alipinga kwa nguvu. Aliona elimu ya jembe na randa peke yake itamwacha mtu mweusi chini ya mzungu daima, na akadai milango ya vyuo vikuu ifunguliwe.

Mabishano hayo yalifika mpaka Afrika Mashariki. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizunguka eneo hili, Tanganyika ikiwemo, kukagua elimu. Kiongozi wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton. Du Bois alikuwa akimpinga waziwazi. Ndani ya msafara alikuwemo pia James Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, Ghana ya leo, aliyefundisha miaka mingi Livingstone College, North Carolina.

Tume ilipendekeza elimu ya Mwafrika ifuate mazingira yake: shamba, afya, nyumba, ufundi. Mwaka 1925 London nayo ikatoa sera iliyosema karibu hayo hayo kwa makoloni yake ya Afrika.

Mwaka huo huo ikafunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete, Kenya, kufundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Jina Jeanes ni la Anna Jeanes, mama tajiri wa Philadelphia aliyetoa fedha kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi. Mwalimu wa kwanza wa mpango huo alikuwa Virginia Randolph, mwanamke mweusi wa Virginia, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1908.

Mikuki na ngoma darasani

Malangali ilizaliwa katika hewa hiyo. Tanganyika ilikuwa chini ya Gavana Donald Cameron, aliyetaka kutawala kupitia machifu, kwa hiyo serikali ilihitaji vijana walioelimika lakini wasiokatika na kwao. Mkuu wa shule, W. Bryant Mumford, aliamua kujenga shule juu ya mila za wenyeji.

Wazee waliitwa kufundisha historia na desturi. Ngoma na kurusha mkuki vikawa sehemu ya masomo, pamoja na kilimo na mifugo. Hata mavazi yalikuwa ya kienyeji, si kaptula za kizungu.

Kwa macho ya leo, mtu anaweza kusema: mbona safi! Lakini kuna upande wa pili. Kipindi hicho aliyejua Kiingereza na hesabu ndiye aliyepata ukarani, mshahara na sauti mbele ya bwana shauri. Mtoto aliyetoka Usangu kwa miguu siku kadhaa hakwenda shule kufundishwa ngoma ambazo angezipata nyumbani bure. Ni hoja ile ile ya Du Bois: nani anaamua kwamba elimu hii inamtosha mtu fulani?

Jaribio halikudumu. Mumford aliondoka, baadaye akafanya kazi kwenye Taasisi ya Elimu ya London, na Malangali ikafuata mkondo wa shule nyingine za serikali.

Mwaka 1930 alikuwa ameshachapisha makala kuhusu shule hiyo katika jarida la *Africa*, na wasomi wa elimu ya kikoloni wanairejea mpaka sasa. Kwa hiyo sauti inayosikika zaidi juu ya Malangali ya mwanzo ni ya mkuu wa shule mzungu. Wale wazee walioitwa kufundisha walijionaje? Wavulana walicheka nini bwenini usiku? Kwenye makala ya mwalimu mkuu hayo huwezi kuyakuta, hata akiwa mkweli kiasi gani. Yanakaa kwenye familia.

Shule za Rosenwald

Marekani nako ilikuwa nusura mambo yaishie hivyo hivyo. Mwaka 1912 Booker T. Washington alimshawishi Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya Sears, Roebuck, asaidie kujenga shule sita za majaribio Alabama. Mpango ulipofungwa mwaka 1932 zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15. Ukijumlisha nyumba za walimu na karakana, majengo yanafika 5,357.

Rosenwald hakutoa fedha zote. Sharti lilikuwa wananchi wachange, na serikali ya eneo iipokee shule kama ya umma. Watu weusi, wengi wao wakulima wasio na ardhi yao wenyewe, walichanga zaidi ya dola milioni 4.7. Mfuko wa Rosenwald ulitoa takriban milioni 4.4. Kodi za umma zilibeba sehemu kubwa ya gharama yote, na watu weusi walikuwa wanalipa kodi pia. Yaani walilipia shule zao mara mbili.

Kuna waliotenga kipande cha shamba la pamba ili mavuno yake yaende shule. Wengine walitoa mbao, wengine nguvu zao. Kwa Mtanzania hili halihitaji maelezo marefu. Aliyewahi kusomba mchanga au kufyatua tofali la shule ya kata anaelewa mara moja.

Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Ulikuwa ushindi mkubwa, ila ulikuja na hasara ambayo haisemwi sana. Shule zilipounganishwa, mara nyingi zilizofungwa zilikuwa za weusi, na walimu weusi wengi wakapoteza kazi. Majengo yaligeuzwa stoo na mabanda ya nyasi, mengine yakaanguka yenyewe.

Mwaka 2002 taasisi ya taifa ya kuhifadhi majengo ya kihistoria iliziweka shule za Rosenwald kwenye orodha ya maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi nchini humo. Inakadiriwa yamebaki majengo kama 500 hivi.

Moja ni Noble Hill, kwenye kaunti ya Bartow, Georgia. Ilijengwa mwaka 1923 na kufungwa mwaka 1955, ikakaa bure miaka zaidi ya 25. Waliosoma pale ndio waliosimama, wakachangisha fedha, na mwaka 1989 ikafunguliwa kama makumbusho na kituo cha utamaduni.

Kazi yao ilirahisishwa na karatasi. Kadi za mfuko wa Rosenwald, zenye picha ya jengo, gharama na kila upande ulichanga kiasi gani, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Mjukuu anaweza kuona wanakijiji wake walitoa dola ngapi. Januari 2021 ilisainiwa sheria ya kuchunguza kama shule hizi ziwe sehemu ya hifadhi za taifa.

Sheria ya Tanzania na karatasi za shule

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Tatizo ni tarehe: jengo linalolindwa moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya 1886. Shule ya 1928, au ya 1975, mpaka waziri mwenye dhamana aitangaze rasmi. Ikisubiriwa sheria peke yake, shule nyingi zitaezuliwa kwanza.

Mkoa wa Iringa umeonyesha kwamba inawezekana. Fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na liko Kalenga, kwenye makumbusho. Mjini Iringa, jengo la zamani la Wajerumani la Boma ni makumbusho ya mkoa tangu 2016. Lakini hayo ni mambo ya machifu na watawala. Shule ya kawaida ya kijijini ina bahati ndogo zaidi.

Na shule za kawaida ndizo zilizobeba historia ya watu wengi. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililolenga kila mtoto awe shule ya msingi ifikapo 1977, vijiji vilijenga madarasa kwa mikono yao. Miaka ya 2000 zikaja sekondari za kata, michango tena. Stakabadhi za michango hiyo, rejesta za wanafunzi, kitabu cha wageni, daftari la kamati ya shule: vyote vinakaa kwenye kabati la mwalimu mkuu, pamoja na mchwa. Ofisi ikihamishwa, karatasi za zamani ndizo za kwanza kuchomwa.

Kuhifadhi hakuanzi na fedha nyingi. Rejesta inaweza kupigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, kwa sababu ina majina na taarifa za watu. Picha ya darasa iandikwe majina nyuma wakati bado yupo anayewajua. Mzee akisimulia arekodiwe kwa ridhaa yake, itajwe tarehe, mahali na jina la anayeuliza. Kama anasimulia kwa Kisangu au Kihehe, aachwe asimulie hivyo hivyo, tafsiri itakuja baadaye. Nakala zikae sehemu mbili au zaidi, maana simu inaibiwa na inaanguka majini.

Yale ya kiserikali ya wakati wa mkoloni, kama ripoti na barua za idara ya elimu, ni ya kutafutwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Kwa Malangali ya mwanzo, muda ni mfupi kweli. Mvulana aliyeingia pale mwaka 1928 akiwa na miaka 12 alizaliwa 1916. Watoto wake, kama wapo, ni wazee wa miaka 70 na 80. Wanaweza kuwa Rujewa, Utengule, Chimala au Mufindi kwenyewe, na pengine hakuna aliyewahi kuwauliza baba yao alisoma nini.