Njia za Ngamia na Nguvu ya Mota: Historia ya Ruhusa ya Kupita Garissa na Kaskazini Mashariki

Sheria zinazosimamia baiskeli za umeme katika njia za milimani na porini huanza na kipimo cha nguvu. Katika Umoja wa Ulaya, baiskeli ambayo mota yake haizidi wati 250, na ambayo humsaidia mwendeshaji pale tu anapokanyaga pedali, mpaka mwendo wa kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli ya kawaida. Nchini Marekani kikomo ni wati 750, yaani karibu nguvu ya farasi mmoja, ingawa sheria ya mwaka 1964 ya kulinda maeneo ya nyika huzuia humo hata baiskeli isiyo na mota. Vipimo hivyo vinapotumika katika njia za porini, nyuma yake kuna imani kwamba njia iliyotengwa kwa miguu ya watu na wanyama inapaswa kukingwa dhidi ya mashine. Historia ya Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya kwa jumla inaonyesha mpangilio wa kinyume kabisa, kwa kuwa huko, kwa zaidi ya nusu karne, aliyezuiwa njiani alikuwa mtu wa miguu pamoja na ngamia wake.

Kabla ya utawala wa Waingereza, njia za eneo hilo zilifuata maji: visima vya Wajir na El Wak, bwawa la Lorian lililojaa na kukauka kwa misimu, mto Tana upande wa kusini na mto Juba upande wa mashariki. Misafara ya ngamia iliunganisha bandari za pwani ya Wasomali na nchi ya Waborana, ikipeleka nguo bara na kurudi na pembe za ndovu. Ngamia hana kwato ngumu kama za ng'ombe, bali ana vidole viwili vilivyoungwa kwa unyayo mpana na laini, ambao hutanuka anapoukanyagia mchangani, kwa hiyo haukati udongo kama gurudumu linavyoukata, na njia iliyopitwa na msafara kwa vizazi vingi hubaki mstari mwembamba tu kati ya vichaka vya miiba. Njia hizo hazikuwa za kila mtu, kwani matumizi ya kisima yalitegemea makubaliano baina ya koo. Ila makubaliano yenyewe yalihusu maji na malisho, wala hayakumtaka mpitaji awe na karatasi mkononi.

Karatasi ililetwa na serikali ya kikoloni. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya mwaka 1902 ilimpa mtawala uwezo wa kutangaza wilaya kuwa imefungwa, yaani asiye mwenyeji asiingie bila kibali, na mwaka 1926 ikatumika kwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, jina la wakati huo la eneo lililojumuisha Garissa, Wajir, Mandera na majirani zake. Sheria nyingine ya mwaka 1934, iliyohusu utawala wa wilaya maalumu, iliongeza udhibiti wa mienendo ya wenyeji wenyewe, huku mpaka uliochorwa kati ya Wasomali na Waoromo ukiamua nani achunge upande gani. Mfugaji aliyefuata mvua kupita mstari huo, kama wazee wake walivyofanya, alihesabika mkosaji, na mifugo yake ingeweza kukamatwa.

Utawala huo uliowafunga wenye ngamia wenyewe ulitembea kwa ngamia. Askari wa kikabila walioitwa Dubas, waliojulikana kwa vilemba vyao vyekundu, walifanya doria na wanyama wa mizigo, na mke wa Gerald Reece, ofisa aliyeisimamia wilaya hiyo katika miaka ya 1940, alikipa kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1963 jina linalotaja ngamia 50. Barabara za magari zilikuwa za udongo, na masika yalipofika, udongo mweusi uliyanasa malori kwa siku nyingi.

Uhuru haukufungua njia. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 28 Desemba 1963, na katika vita vya shifta, yaani vya waasi wa eneo hilo dhidi ya serikali, vilivyodumu hadi 1967, wapiganaji walitega mabomu barabarani, nayo serikali ikawakusanya wafugaji katika vijiji vya lazima ambako mifugo mingi ilikufa kwa kukosa malisho. Haitoshi kuieleza hatua hiyo kama ulinzi wa usalama peke yake, kwa sababu kumzuia mfugaji asitembee ni kumwondolea riziki. Mamlaka ya pekee ya hali ya hatari yalibaki katika sheria hadi mwaka 1991, na mpaka leo wapo wakazi wa Garissa ambao, wakivuka daraja la Tana kuelekea Nairobi, husema wanakwenda Kenya.

Mgogoro mkubwa zaidi wa njia zisizo za magari, hata hivyo, uko kando ya mto wenyewe, na jina lake ni malka. Malka ni mahali pa kunyweshea mifugo mtoni, pamoja na ushoroba unaofika hapo kwa kupita katikati ya mashamba ya ukingoni. Wakati wa kiangazi makundi ya Wasomali na Waorma hutoka mbali sana kuja Tana, na kwa muda mrefu Wapokomo, ambao ni wakulima wa kingo hizo, waliacha nafasi za kupita kwa mapatano yaliyofahamika na pande zote. Wakoloni waliweka mpaka wa wilaya maili tatu mashariki ya mto, na hivyo ukingo wa upande wa Garissa ukawa chini ya wilaya ya Tana River. Ubishi wa maili hizo tatu haujaisha. Baadaye miradi ya umwagiliaji, ukiwemo ule wa Bura ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ilichukua ardhi ambayo mifugo ilipitia. Katika mapigano ya Tana Delta yaliyoanza Agosti 2012, ambamo watu zaidi ya 100 waliuawa, kuzibwa kwa njia za kufikia maji na malisho kulitajwa miongoni mwa sababu. Ushoroba wenye upana wa kupitisha kundi moja ukizungushiwa ua wa miiba kwa msimu mmoja tu, maelfu ya ng'ombe hubaki na kiu wakiyaona maji.

Ngamia naye amethibitisha kwamba njia hizo zina kazi ambayo gari haliwezi. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu vijijini kutoka Garissa kwa ngamia, mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema la wasomaji, kwa kuwa magari yalikwama mchangani. Baadaye ikaja bodaboda, ambayo inapita kwenye kijia chochote anachopita mbuzi, na sasa mota ya umeme inakaribia: Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipunguza kodi za pikipiki za umeme, na Garissa yenyewe ina kituo cha umeme wa jua cha takriban megawati 50 kilichozinduliwa mwaka 2019.

Sheria ya Trafiki ya Kenya hulitambua gari kwa kuwa linaendeshwa na mtambo, pasipo daraja la wati kama la Ulaya, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu kuanzishwa kwa haki za umma za kupita, wakati Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inatambua malisho ya wageni kwa mapatano. Vifungu hivyo vinatosha kuzipima malka na kuzisajili kwa majina yake, wakulima na wafugaji wakiwa pamoja uwandani, na kazi hiyo inapaswa kutangulia mjadala wowote kuhusu mota ipi iruhusiwe kupita humo, maana ushoroba usio na hati huzibwa kwanza na shamba kabla ya kuharibiwa na gurudumu.